Hadithi Zote Zaishia kwa Balozi

Baada ya lile tukio la mbuzi na tai ya Mkuu wa shule, tukio ambalo historia ndiyo italihukumu, uongozi wa bweni uliamua kwamba nikalitumikie taifa. Nilipelekwa kwenye kijiji kimoja cha ujamaa juu ya Lukozi kufundisha darasa la pili, kwa kuwa watoto walikuwa wameandikishwa wote kwa mpigo na walimu hawakutosha. Masharti yalikuwa mafupi. Watoto wakiweza kusimulia hadithi iliyokamilika mbele ya Mkaguzi wa elimu, ningerudi shuleni kufanya mtihani wa kidato cha nne. Wakishindwa, ningebaki kijijini kupalilia viazi, na mtihani ungefanywa na wenye bahati.

Nilifika nikiwa kijana. Kufikia wiki ya pili nilikuwa natembea kama mstaafu.

"Hadithi ina vitu vinne," nilitangaza, nikiinua vidole kama mchungaji anayebariki usharika. "Wahusika, mahali, tatizo, mwisho. Semeni."

Wakasema. Walisema kwa nguvu mpaka ukungu wa dirishani ukasogea. Kwa kuvitaja vile vitu vinne, hakukuwa na darasa la kulishinda lile.

"Haya, Mika. Tusimulie sasa."

Mika alikuwa na mafua tangu nifike, na huenda tangu azaliwe. Alisimama, akavuta kamasi, akasema, "Sungura na fisi walikuwa msituni Magamba. Sungura akaiba maharage ya fisi. Fisi akaenda kwa balozi. Balozi akaamua. Mwisho."

Wenzake wakampigia makofi.

"Mika, fisi hakumkimbiza sungura hata kidogo?"

"Amkimbize wa nini, mwalimu? Si balozi yupo?"

Yupo kweli, balozi wa nyumba kumi, Mzee Shabani. Pale kijijini kuku akiingia shamba la jirani, unakwenda kwa balozi. Mtu akiziba mfereji wa maji, kwa balozi. Mtoto akirusha jiwe, kwa balozi. Wanafunzi wangu hawakuwahi kuona tatizo likifika jioni likiwa bado hai. Niliwapa chui, wakampeleka kwa balozi. Niliwapa mama wa kambo katili, naye akaenda kusuluhishwa. Kwa kukata tamaa niliwaletea zimwi lenye vichwa saba.

"Balozi akamwita," alisema Esta, ambaye hukaa mbele na hajui huruma. "Akamwambia zimwi, siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, uje ulime barabara na wenzako, kila kichwa na jembe lake. Mwisho."

Niliegemea ubao. Koti langu lilitoka na nusu ya somo.

"Kuanzia leo," nikasema, "ni marufuku balozi kuingia kwenye hadithi."

Watoto wakanitazama kama mtu aliyetukana msikitini na kanisani kwa siku moja.

"Umemfukuza balozi, mwalimu?" aliuliza Mika taratibu.

"Kwenye hadithi tu."

Hawakubishana. Walifanya kile ambacho watu wa kijiji kile hufanya wakipatwa na tatizo. Kesho yake asubuhi Mzee Shabani alikuwa mlangoni, kofia kichwani, fimbo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nasikia nimepigwa marufuku."

Nilijitetea kwa maneno mengi ya kitaalamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilinichosha zaidi.

"Sawa," akasema. "Ijumaa Mkaguzi akija, na mimi nitakuja. Niisikie hiyo hadithi isiyonitaka."

Ijumaa ikafika, na mimi sikuwa nimelala vya kutosha. Benchi la wageni lilimbeba Mkaguzi kutoka Lushoto, Kornelio, Mwalimu Mkuu wa pale kijijini, na katikati yao Mzee Shabani. Niliuliza nani atasimulia. Mikono yote ikajificha, isipokuwa mmoja. Ulikuwa wa Zuhura, mtoto ambaye tangu nifike alikuwa amefungua mdomo kwa ajili ya kuomba ruhusa ya kwenda nje tu. Nilidhani anaomba ruhusa.

"Palikuwa na balozi," alianza.

Mwalimu Kornelio akafumba macho.

"Balozi alikuwa na maharage. Sungura akayaiba. Balozi akaamka, akaona kapu tupu. Akalia, akasema, lazima niende kwa balozi."

Darasa likacheka, kisha likatazamana. Lilikuwa limeona shimo.

"Akatoka nje, akapiga hodi nyumbani kwake. Hodi! Hakuna mtu. Hodi! Hakuna mtu. Kumbe balozi yuko nje anapiga hodi."

Mzee Shabani akanigeukia polepole. "Mwalimu. Haya umemfundisha wewe?"

Nyuma yake Mwalimu Kornelio alikuwa akinionyesha kwa midomo: mwisho, mwisho. Ilikuwa rahisi. Ningemwambia mtoto aseme balozi aliamua, akae, watu wapige makofi, na mimi nirudi bwenini. Nimewahi kusema uongo mkubwa kuliko huo kabla ya uji wa asubuhi. Lakini Zuhura alikuwa amesimama kwa kidole kimoja cha mguu, amejaa hadithi mpaka kooni, na mimi nilikuwa nimechoka na fisi wanaokwenda kushtaki.

"Sikumfundisha, mzee. Na inavyoishia sijui."

"Hujui?" Mkaguzi akaacha kuandika. "Mwalimu hujui mwisho wa somo lako?"

"Sijui, mzee. Nasubiri kama nyinyi."

Mzee Shabani akaitazama fimbo yake. "Endelea, mwanangu," akamwambia Zuhura.

"Akakaa kizingitini, akajisubiri. Akasubiri mpaka njaa ikamuuma. Akasema, huyu balozi mbona haji? Akainuka kumtafuta sungura mwenyewe. Akateleza, akaanguka mtoni, kofia ikaenda na maji."

Mzee Shabani akashika kofia yake.

"Akamkuta sungura anapika. Sungura akatetemeka, akasema, mzee, unanipeleka kwa balozi? Balozi akasema, nimetoka huko, hayupo. Nipakulie. Wakala."

Mika alisahau hata kuvuta kamasi.

"Yalikuwa yameiva?" aliuliza Mzee Shabani.

"Bado kidogo," alisema Zuhura.

Mkaguzi aligonga kalamu yake. "Wahusika wapo. Tatizo lipo, mwisho upo. Mahali hakutaja. Hadithi haijakamilika."

Miguu yangu ilianza kuviona viazi.

"Mahali ni hapa," Mzee Shabani akasema. "Kizingiti ni changu. Na mto ni ule pale, ukitaka nikupeleke ukauone."

Mkaguzi alichungulia dirishani, akaona ukungu na mteremko, akaandika. Mwalimu Kornelio akaninong'oneza kwamba Jumatatu nifungashe, nirudi shuleni. Nilitaka kuruka, ila nilijikuta nimeketi kwenye benchi la watoto, magoti yamegusa kidevu.

"Mwalimu," Mika akanivuta koti, "kwa hiyo sungura hakushtakiwa?"

"Muulize Zuhura," nikasema, nikaegemeza kichwa ukutani.