Kasha la Miji ya Bi Mahfoudha

Kitendawili. Sikiliza vizuri, sikirudii: kisima changu kila mtu anatia maji, lakini anayeteka haonekani. Huna? Basi usinipe mji bado. Ngoja kwanza usikie yaliyomfika Bi Mahfoudha wa Ibra, kule Omani, ambaye miji ilimjaa nyumbani hata akakosa pa kuweka kanga zake.

Mwaka wa 1977, kila Jumanne baada ya sala ya alasiri, wanawake watatu walikutana kwake kunywa kahawa na kutegeana vitendawili. Bi Mahfoudha na Bi Aliya walizaliwa Unguja. Bi Fakhriya alikulia Bukoba, na kila akibisha alikumbushwa kwamba Kiswahili chake kimekuja kwa njia ya mbali. Juu ya mkeka palikuwa na tende, halwa na sahani ya kaimati. Mchezo ulikwenda kama walivyoukuta kwa bibi zao: anayeshindwa hutoa mji, na mtegaji akishaupokea husema jibu. Aliyeshindwa akilipata jibu mwenyewe kabla ya kuambiwa, hurudishiwa mji wake. Unaweza kutoa mji wowote isipokuwa Unguja. Unguja haitolewi, alisema Bi Aliya, kwa sababu hapa hakuna aliye nayo.

Bi Mahfoudha hakuwa akishindwa. Miji aliyopewa ilikuja ikakaa ndani ya kasha lake, lile la misumari ya shaba alilokuja nalo melini. Sur ilitangulia, pamoja na harufu ya papa, na nguo zikanuka wiki nzima. Al Mintirib ilileta mchanga, ikabidi kasha likung'utwe kila asubuhi. Samail haikuwa na taabu. Nizwa ilitolewa na Bi Aliya kwa ajili ya yai. Bukoba ilinyesha mvua tangu siku ya kwanza, na Bi Mahfoudha akaitegea sufuria. Watu wa miji hiyo hawakupungukiwa na kitu, kwani mji ukishatolewa hukaa pawili. Zuhair, mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi ya umeme Maskati, alimshauri mama yake anunue kasha la pili.

Mwaka huo huo akaja Dokta Lothar. Alitoka chuo kikuu kimoja cha Ujerumani chenye umri wa miaka mia tano na kitu, na alilisema hilo kwa majivuno kidogo, mpaka alipoonyeshwa falaji, ule mfereji wanaochotea watu maji, na kuambiwa umri wake. Alikuwa na tepu begani na Kiswahili kilichonyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi. Aliwaamkia watu wote shikamoo, hata muuza samaki aliyekuwa mdogo wake kwa miaka ishirini. Alisema anakusanya vitendawili ili visipotee. Wanawake wakamhurumia, mtu mzima kutumwa mbali hivyo kwa kazi kama ile, wakamkaribisha mkekani. Akawanasa miezi minne.

Siku ya mwisho Bi Mahfoudha alikaa akiyatazama magurudumu ya tepu yanavyozunguka, akatunga kitendawili papo hapo. Ndicho hicho nilichokutegea. Dokta alivua miwani, akaifuta, akasema ni kaburi. Halafu akasema ni bahari. Halafu akasema ni tumbo la mpwa wake. Bi Mahfoudha akamdai mji.

"Chukua kwetu," alisema Dokta kwa adabu, akautaja mji wake, na chuo, na kila kilichomo.

Kabla hajaambiwa jibu kukaadhiniwa. Wanawake wakainuka kwenda kusali, na gari lililokuja kumchukua Dokta halikuweza kungoja.

Mji wa Dokta uliingia kashani na kengele saba, baiskeli nyingi, na baridi. Baridi ile ilikuwa na faida. Bi Mahfoudha aliweka mtungi wa maji juu ya kifuniko, na wakati wa joto jirani walikuja kuomba kata moja moja.

Mwaka uliofuata ikaja barua ya Mabruka, dada yake aliyebaki Unguja. Mabruka alikuwa amepooza, na barua alimwandikishia jirani. "Mkono wa kulia umeshakufa," ilisema, "mimi bado. Usinichelewe." Bi Mahfoudha akaomba ruhusa ya kusafiri. Zuhair alizipeleka karatasi mwenyewe, akarudi baada ya wiki tatu kumwambia mama yake kwamba karatasi zimekaa. Kuna ripoti imekuja kutoka nje. Inasema mwanamke huyu, katika muda wa miezi minne, amepokea miji kumi na moja. Maneno kwamba Unguja haitolewi yalikuwa yamepigiwa mstari mwekundu.

Bi Aliya aliitwa kuulizwa kwa nini aliitoa Nizwa. Akasema kwa sababu hakulijua yai. Akaulizwa yai gani. Akasema nyumba isiyo na mlango. Afisa aliandika kwamba shahidi amekiri kuitoa Nizwa, na kwamba nyumba haina mlango, akampa chai, akamruhusu kwenda zake.

Nani huko nje aliyeandika, hawakujua mpaka siku moja adhuhuri, Bi Mahfoudha alipofunua kasha kutafuta kanga. Ndani, katika ghorofa ya tatu ya chuo cha Dokta, nyuma ya maktaba, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Nipe mji." Ikafuata sauti ya Bi Aliya ikitoa Nizwa. Halafu Dokta Lothar akifasiri, halafu mashine ya kuchapa, halafu mtu mwengine akikohoa na kuomba irudiwe ile ya Sur.

Tangu hapo vitendawili vilisimama. Jumanne wanawake walikaa na vikombe vyao kulizunguka kasha, kwa kuwa lilikuwa bora kuliko redio. Bi Fakhriya alilifukiza udi kila Alhamisi, na maktaba nzima ikapiga chafya. Kila mwaka Bi Mahfoudha aliomba ruhusa. Kila mwaka karatasi zilikaa. Kila mwaka Mabruka aliandikisha barua, fupi kuliko ya mwaka uliopita.

Mwaka wa 1983 Dokta Lothar alirudi Ibra, mvi zimemjaa.

"Shikamoo, Bi Mahfoudha."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

Dokta alieleza taabu zake. Vitabu vyao vinanuka udi. Maprofesa wanapiga chafya katikati ya somo. Na kubwa zaidi, watu wa ghorofa ya tatu wana hakika kwamba kuna anayewasikiliza. Wamezibomoa kuta, wamezifungua simu, wakaona kokwa mbili za tende. Kuwasikiliza watu katika shughuli zao bila ya kuwaomba ruhusa, alisema Dokta, si adabu. Wanawake walikubaliana naye.

Akaomba arudishiwe mji wake. Bi Mahfoudha akamwambia kwanza amtoe yeye katika faili, ili apate kwenda kumwona dada yake. Dokta akasema, kwa masikitiko ya kweli, huku akila kaimati ya nne, kwamba haiwezekani. Faili limeshazaa. Lina watoto katika nchi tatu, na mmoja wao yuko karibu tu na hapa, na hakuna hata mmoja anayemsikiliza yeye.

"Basi nikupe mji mwengine badala yake," alisema. "Chukua Unguja."

Bi Aliya akakiweka kikombe chini.

"Unguja si yako, baba," alisema Bi Mahfoudha. "Na wazee wenu walishaitoa mara moja, wakapewa na Mwingereza kijisiwa cha mawe. Tulisomeshwa darasa la nne. Mji wako unarudi kwa jibu tu. Kisima changu kila mtu anatia maji."

Ndani ya kasha kengele zilimaliza kupiga, na katika ghorofa ya tatu mashine ya kuchapa ikanyamaza, kana kwamba na wao wanangoja. Dokta akatia mkono ndani ya mkoba, akaizima tepu ambayo hakuwa amesema kwamba amekuja nayo.

"Chuo chetu," alisema. "Kila mtu anatia maneno yake. Na kamba ya ndoo ninayo mimi."