Chui Milia wa Zamu ya Pili

"Nilizaliwa themanini na sita, mama," alijibu Gi-tae, magoti chini, paji la uso likiwa bado linakaribia kugusa sakafu. Nikaona mkono wa mama yangu ukiganda hewani, uma umeshika kipande cha peasi.

Dada yangu Suk-yeong alizaliwa sabini na nne. Hesabu ile hata mimi, niliyefaulu hisabati kwa huruma ya mwalimu, niliiweza: mposaji alizidiwa na mposwa miaka kumi na miwili.

Kosa lilikuwa langu. Wiki moja kabla, mama aliniuliza kwa simu, "Huyo kijana wa dada yako, mnyama wake nani?" Kwetu Korea kila mwaka una mnyama wake; wanyama ni kumi na wawili, kisha zamu inaanza upya. Nikasema kweli tupu: chui milia.

"Kama Suk-yeong! Kumbe rika moja!" Mama alicheka kwa furaha hadi simu ikakwaruza.

Ningeweza kumwambia ni chui milia wa zamu iliyofuata. Sikumwambia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kila jambo kwangu lilikuwa kichekesho kinachongoja saa yake.

Halafu nilikuwa naitegemea tamthilia. Masika yale, kila Jumapili mchana, mama alitazama marudio ya kisa cha mwalimu wa piano na mpishi kijana, mdogo wake kwa miaka kumi na mmoja. Siku mama wa mpishi alipommwagia yule mwalimu maji usoni, mama yangu aliirushia runinga soksi. "Roho kama siki! Mwanao kaenda jeshini akarudi, leo hajui anachotaka?" Mwanamke anayepigana hivyo kwa ajili ya watu asiowajua, niliwaza, atashindwaje kumpigania binti yake?

Sasa runinga ilikuwa imewashwa, sauti chini. Mwalimu wa piano alikuwa analia kwenye mvua. Hakuna aliyemtazama.

"Inuka," mama alimwambia Gi-tae. Kisha akamgeukia dada. "Na wewe ulijua?"

"Mama, nina miaka thelathini na minane. Najua umri wa mtu ninayempenda." Alisema kwa sauti ileile anayowaambia wateja wa cherehani yake kuwa suruali itakuwa tayari Alhamisi. Mimi ningekuwa nimeshajificha chooni.

"Sokoni watasema ni mwanao."

"Watasema wiki mbili, kisha watarudi kwenye bei ya samaki."

Nikajitia kimbelembele. "Lakini mama, kwenye tamthilia si ulikuwa—"

"Yule analipwa ili alie!" mama akafoka. "Huyu ni wangu!"

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaendelea. "Na baba je? Si alikuzidi miaka kumi na mitatu? Mbona hakuna aliyepiga kelele?"

Baba alifariki nikiwa na miaka mitano. Kabla sijafunga mdomo nilijua nimevuka mpaka. Dada alinitazama kama mtu anayechagua pa kuchoma sindano.

Mama aliweka uma chini, taratibu.

"Ndiyo maana nauliza," alisema. "Watu wanadhani tatizo la umri ni makunyanzi. Tatizo ni kubaki. Miaka kumi na saba natandika godoro la mtu mmoja." Akamtazama Gi-tae, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kumtazama kweli: fundi wa vyerehani mwenye mafuta meusi yasiyotoka kuchani, aliyerudi mara tatu kutengeneza mashine ya dada iliyopona siku ya kwanza. "Mambo yakienda kawaida, atatangulia yeye. Atakayebaki ni wewe. Unalijua hilo, kijana?"

Katika tamthilia yote ile, pamoja na maji yote yaliyomwagwa, hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Ilibidi aulize mama yangu, muuza samaki mwenye soksi zilizotoboka.

Gi-tae akajibu, "Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi, mama. Kila nikiifanya, naona miaka ya kabla ya hapo ni mingi."

Kidole gumba cha dada kilikuwa kinasugua pindo la sketi yake, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Kupika unajua?" mama aliuliza.

"Mayai."

"Na nini?"

Gi-tae alifikiri kwa uaminifu. "Tambi za pakiti."

"Sasa mtu wa mayai na tambi atabakije peke yake? Si utakufa kabla ya matanga kwisha!" Mama akainuka, akaizima runinga mwalimu akiwa bado kwenye mvua, akamshika Gi-tae mkono wa shati na kumvuta hadi barazani, kwenye mitungi ya kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachushwa kwa pilipili.

Tulibaki wawili. Kupitia kioo tuliwaona wamechuchumaa, mama akinyoosha kidole, Gi-tae akikunja mikono ya shati lake jipya. Machozi ya dada, yaliyongoja muda wote ule, sasa yalishuka bila sauti.

"Usiseme kitu," aliniambia.

"Sijasema."

"Ulikuwa unataka."

Kweli nilikuwa nataka, na lilikuwa zuri mno. Nikalimeza.

Nje, sauti ya mama ikapanda. "Mkwe, vua saa kwanza! Nani anatia mkono mtungini na saa?"