Idil Amezima Injini
...na mtandio wangu umebanwa na mlango, nusu ndani nusu nje, lakini siwezi kuuchomoa kwa sababu Idil amezima injini na kusema asifungue mtu mlango, asiseme mtu neno, na mimi ni mtu, hata kama ni mamake, kwa hiyo nimekaa hapa kiti cha mbele shingo upande, nakodolea kichaka alichotuonyesha kwa kidole, na sioni kitu, majani tu, na nyuma yangu Bwana Mutiso na mkewe, wageni wake kutoka Nairobi, hata kukohoa hawathubutu, subhanallah, watu wazima wawili wamenyamazishwa na binti yangu na wanamtii, binti niliyembeba mgongoni kutoka Liboi mwaka ule wa ukame, ng'ombe wetu wakianguka mmoja mmoja njiani, huyu huyu, leo ndiyo mara yake ya kwanza kukabidhiwa gari la hifadhi na wageni peke yake, na mimi nikasema nakuja, nataka kuona kazi yako, na huo ulikuwa uongo, astaghfirullah, nimekuja kumtoa kazini... kwa sababu ya Gelle, ndugu wa marehemu mume wangu, alikuja nyumbani juzi, akamaliza glasi nzima ya chai, ndipo akasema akina Abdimalik wamekuja kuposa, watu wazuri, ngamia wako Elwak, duka liko Takaba, ila kijana hataki mke anayeshinda porini na wanaume asiowajua, basi zungumza na mtoto, Anab, Jumapili nataka jibu, nami nikasema sawa, na Jumapili ndiyo leo, sawa niliisema upesi kama mtu anayefukuza nzi, maana majirani wa bulla yetu, mtaa wetu, wameshaanza kuniuliza habari za Idil kwa macho, na macho ya majirani yanachosha kuliko maneno... lakini yeye anajua, sikumwambia na anajua, asubuhi alipokuwa ananifunga mkanda wa kiti alisema taratibu, hooyo, mama yangu, ukitaka niache kazi niambie baada ya kuona, si kabla, kisha akawasha gari, basi, hakungoja jibu, na Garissa ikabaki nyuma na vumbi lake. Safari, wanaiita. Maisha yangu yote nimehama na mifugo, kumbe nilikuwa mtalii na sikujua! Twiga nimewafukuza kwa mawe wasimalize miti ya mbuzi wangu, fisi nimelala nikimsikia nje ya boma, na leo nimefungwa mkandani nipelekwe kuonyeshwa wanyama, dunia haishi mambo... na pale kwenye kizuizi yule askari alichungulia dirishani, akampita Idil kwa macho kana kwamba ni usukani, akauliza dereva ameenda wapi, na Idil, bila hata kukunja uso, umemsalimia sasa hivi, afande, nami mdomo ukanitoka kabla ya akili, afande, hiyo dereva ni mtoto yangu! nikaisema kwa sauti, wakasikia hata wa lori lililokuwa nyuma, sasa mtu anajisifia vipi kitu alichokuja kukizima, hebu nijibu mwenyewe... na mbele kidogo tukakuta twiga barabarani, mke wa Mutiso akapaza sauti, jamani, alivyo mrembo! nikasema mashallah haraka kwa niaba yake, kwetu husifii kiumbe bila kumtaja Mola, utakitia jicho, kisha Mutiso akasema, dada, unaendesha vizuri, sijawahi kuona, na hapo nikasema mashallah mara mbili, moja ya jicho lake, moja ya langu, kwa sababu jicho la mama nalo ni jicho, likipenda sana hudhuru, na mimi tangu asubuhi nimempenda kupita kiasi, nimemtazama mikono yake kwenye usukani mpaka nikajilazimisha kutazama nje... majani yametikisika. Hapana, upepo. Si upepo, ni pua, ni pembe, ni yeye, hirola, yule swala wetu wa zamani, na zile alama nyeupe machoni, ya Rabbi, mara ya mwisho kuwaona nilikuwa msichana, walikula majani pamoja na ng'ombe wa baba, na wazee wakisema walipo hirola ng'ombe hawaugui, tusimguse, nikadhani wamekwisha wote, kumbe yupo, na nyuma yake ndama, mdogo, miguu haijamkaa sawa, na mdomo wangu, wallahi sikuuagiza, ukapiga mluzi, ule wa kisimani, wa kuwaambia wanyama njooni, maji yapo... Hirola ameinua kichwa. Ndama amejificha nyuma yake. Nasikia Mutiso anabana pumzi, nimeharibu, nimemharibia mtoto siku yake, na mkono wa Idil umekuja juu ya goti langu, hakugeuka, macho yake yako mbele, ananong'ona, hooyo, leo ninachunga mimi. Basi. Hakuomba radhi, hakukasirika, na hiyo sauti naijua, ni yangu, mimi ndiye niliyemfunza nyuma ya mbuzi akiwa hajafika kiunoni kwangu, nikamwambia aliyeshika fimbo leo ndiye mkubwa wa leo, hata mama yako akifika kisimani atakuuliza wewe zamu ya nani, nami siku ile nilimuuliza kweli, zamu ya nani, mama? akanipanga nyuma ya mbuzi wa shangazi yake, na nikapanga foleni... Nimefunga mdomo. Mimi Anab, ambaye hata marehemu hakuweza kuninyamazisha, na alijaribu, maskini, nimefunga mdomo na nafsi yangu imejaa furaha, ah, huyu si mtoto anayezurura porini na wanaume, huyu anachunga, kama mimi, kama mama yangu, wanyama tu ndio wamebadilika, na wageni nao ni sehemu ya kundi, na mimi pia nimo kundini... simu inatetemeka mkobani. Gelle. Imeacha. Imeanza tena. Angoje, hapa hakuna ruhusa ya kusema, na hirola bado amesimama palepale, hajaamua kukimbia wala kukaa, na Idil hajamharakisha, mkono wake bado uko gotini kwangu, mwepesi, na mtandio bado umebanwa. Tukitoka nitampigia Gelle, nitamwambia Abdimalik ni kijana mzuri, na ngamia wake Mola awazidishe, lakini kama anamtaka Idil, asitutumie masharti kupitia wazee, aje mwenyewe, apande gari hili, akae kiti cha nyuma, afunge mkanda, na akiambiwa anyamaze, anyamaze.