Sikuuona Mwavuli

Kinyozi alimjua Mrefu tangu siku mwanawe alipomleta nyumbani akasema, "Baba, huyu ndiye ninayeruka naye. Akigonga kichwa mlangoni, usimcheke." Wote wawili walikuwa marubani wa ndege za kivita. Mwana wa kinyozi, kikosini walimwita Babu, kwa vile alikagua kila kitu mara mbili mbili na hakupenda mbwembwe angani. Jina hilo lilimtuliza sana baba mtu. Vita vilipopamba moto na wateja wakaanza kumuulizia kwa sauti za huruma, aliwajibu, "Wangu mimi ni mzee, hana haraka ya kufa."

Kwa hiyo asubuhi ile Mrefu alipoinama kuingia kinyozini, mzee alifurahi.

"Karibu, mwanangu! Mwenzako umemwacha wapi?"

Mrefu alijibu kitu kisichosikika, akakaa benchini na wateja waliokuwa wakisubiri. Zamu yake ilipofika akaketi kwenye kiti kama mteja yeyote. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akampaka povu, akaanza shavu la kulia huku akimtania kwamba ndevu zile zingetosha kumkimbiza adui bila risasi. Shavu likawa safi. Ndipo akahisi shingo inatetemeka chini ya wembe.

"We, tulia, nitakukata."

"Baba." Mrefu alikuwa akimtazama kwenye kioo. "Babu hakurudi."

"Hakurudi wapi?"

"Jana. Tulikuwa tunalinda daraja, askari wetu wavuke. Ndege ya adui ikanishika nyuma. Nikapinda huku, nikapinda kule, haibanduki. Yeye mafuta yalikuwa yanamwishia, ameshaambiwa arudi. Akageuka akaja. Akaniondolea yule mtu mgongoni. Halafu kombora likampata yeye."

"Lakini aliruka nje ya ndege," kinyozi alisema. "Si mna miavuli nyie?"

"Sikuuona mwavuli, baba. Nilizunguka, nikazunguka. Sikuuona."

Masikio ya kinyozi yaliziba. Aliutazama wembe mkononi, asikumbuke ni wa kazi gani. Mteja aliyebaki benchini alinyanyuka polepole, akatoka bila kuaga.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyepona," kinyozi alisema.

"Ndiyo, baba. Wakubwa wanakuja jioni. Nikaona usiambiwe na watu wasiomjua."

Alitaka kumfukuza. Alitaka kumkumbatia. Mkono haukujua ufuate lipi, ukaenda kwenye shavu la kushoto, maana humtoi mtu nje na nusu ndevu. Akamnyoa mpaka mwisho bila kumkwaruza, akamfuta uso kwa taulo, akamfungua kitambaa.

"Inuka. Twende kwa mama yako. Peke yangu sitaweza kulitamka."

Nyumbani walimkuta mama yake Babu sebuleni anakunja nguo, redio iko pembeni. Hawajavua hata viatu, akawaambia kwa sauti ya chini, "Mmesikia? Ndege yetu moja imedunguliwa kule darajani. Maskini, mama wa mtu huyo. Sijui keshaambiwa."

Kisha akachungulia nyuma ya Mrefu, akitabasamu kabisa. "Na mwenzako? Bado yuko kwenye gari?"

Mama alimtazama mumewe, akamtazama Mrefu, akarudi kwa mumewe. Tabasamu lilibaki usoni muda mrefu baada ya macho kuelewa, kama limesahauliwa hapo. Akaketi sakafuni, akamshika Mrefu kifundo cha mkono, wala hakumwachia mchana kutwa. Hakulia. Majirani waliokuja walinong'ona kwamba afadhali angelia.

Jioni wakubwa wa kikosi walifika. Aliyewatangulia alivua kofia, akaanza maneno yake ya heshima. Mama akamkatiza.

"Nimeshaambiwa, baba. Nina swali moja tu. Huyu niliyemshika, mmempa mapumziko?"

Yule mkubwa aliitazama kofia yake. "Anaruka kesho alfajiri, mama. Marubani tumebaki wachache."

Hapo ndipo mama alipopiga ukelele, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na watu wazima watatu hawakuweza kuvifungua vidole vyake.