Chuma cha Noella Kando ya Mulongwe

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, Tambwe aling'oa chuma kando ya mto Mulongwe, akakitupa majini, akaenda zake bandarini Kalundu kubeba mizigo ya watu, moyo mweupe kabisa. Siku hiyo ndipo mambo yote yalipoharibika, naye hakujua.

Nani angemlaumu? Chuma kilipakwa rangi nyekundu na nyeupe, kikasimikwa palepale nyumba yake iliposimama kabla mafuriko ya 2020 hayajaichukua, mke wake Agnès akiwa ndani. Huku Uvira, ukiona chuma cha rangi kwenye kiwanja kitupu, ujue ni borne, alama ya mpaka: wakubwa wamekwisha kupima, wanauzisha. Wakubwa haohao walioahidi ukuta wa kuzuia mto, wakapiga picha na rundo la mawe, wakapanda magari yao. Basi Tambwe alikitemea mate kwanza, akakitikisa, akakivuta.

Jioni alimsimulia binti yake Noella huku anacheka, na kucheka alikuwa amesahau. Noella aliacha kuosha sahani, akauliza kama kile chuma kilikuwa na mistari midogo pembeni. Tambwe akasema yeye hakutazama mistari, alitazama wizi.

"Papa," Noella akasema, "ile chuma iko yangu. Ni minye niliisimika."

Ndipo Tambwe alipojua. Tangu mvua zianze, Noella, wa mwaka wa tano sekondari, alikuwa anapima mto ili aingie kambi ya sayansi ya likizo kubwa, kule Kinshasa. Wanafunzi wa nchi nzima wanaomba, wanachukuliwa ishirini tu, na kila mmoja lazima alete utafiti wake mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya masomo alipita kusoma maji yamefika mstari gani. Hakumwambia baba, maana mahali pale hapatajwi nyumbani. Mchujo wa kwanza alikwisha kupita. Ijumaa wangempigia simu kumhoji.

Tangu hapo Tambwe hakutulia. Aliingia mtoni hadi kiunoni, akipapasa matope, na wachimba mchanga wakamuuliza anavua samaki gani wa chuma. Hakukiona. Akaomba kingine kwa fundi wa malori, akakipaka rangi, akakisimika, akamwita binti yake aje kuona.

"Iko muzuri, Papa," Noella akasema. "Lakini haijue ile ingine ilikuwa inaanzia wapi."

Akamweleza polepole: hakuna ajuaye tena mistari ya kile cha kwanza ilianzia kimo gani, kwa hiyo vipimo vya zamani na vipya havitaungana. Kazi yote ya tangu mvua imebaki inaning'inia.

Mwalimu wake wa fizikia, Félicien, alishauri wapige picha ya chuma kipya na wanyamaze. Huko Kinshasa nani atajua? Tambwe alikubali upesi. Wakubwa wanadanganya kila siku na wanapandishwa cheo. Binti yake angedanganya mara moja tu, tena kwa kitu cha maana. Alimwambia anyamaze. Noella akarudi kuosha sahani.

Ijumaa simu iliwekwa mezani, sauti wazi. Aliyehoji aliitwa Madame Generose. Aliuliza kwa Kifaransa, Noella akajibu bila kukwama, Tambwe akizunguka kutoka mlangoni hadi kwenye makaa na kurudi. Mara akasikia jina lake katikati ya Kifaransa kile. Kisha mama yule akageuza lugha, akasema Kiswahili cha Bukavu.

"Papa Tambwe, uko hapo? Ni weye uliing'oa ile chuma?"

Noella alikuwa amesema yote. Akamsogezea baba simu. Tambwe alitaka kukana, lakini maneno yaliyotoka ni yale aliyomwekea meya miaka yote: ukuta, mawe, picha, Agnès. Aliyamwaga yote mpaka mwisho.

"Kama kuna kosa, iko ya wakubwa," akamalizia. "Mutoto musimukatale."

"Tumekusikia, papa. Lakini hii kazi ya mutoto inaomba mwaka mwingine wa kupima, palepale. Kabla hatujaamua, minye nakuuliza kitu kimoja. Angekuambia tangu mwanzo kama kila asubuhi anaenda kusimama pale mama yake alikufia, ungemuachilia?"