Plagi ya Tatu

Kufikia Jumamosi ile ya Machi, mwaka 2018, Mubarik na Hamdi walikuwa wameoana kwa miaka mitatu na wameishi pamoja siku hamsini na mbili. Mubarik alikuwa na hesabu yake kichwani: siku kumi na tisa baada ya nikaha, kule Isiolo, na thelathini na tatu za likizo yake ya mwaka uliofuata. Zilizobaki zote zilikuwa za simu.

Yeye alipanga chumba ng'ambo kwa Waingereza, mtaa wa Stechford, nyuma ya stesheni, na kazi yake ilikuwa kupakia vifurushi kwenye ghala moja kule Washwood Heath. Hamdi alikuwa Isiolo akiendesha gereji ya babake tangu mzee apooze upande mmoja. Madereva wa malori ya Marsabit walimjua kwa sauti kabla ya sura, maana mara nyingi walimkuta akiwa chini ya gari.

Asubuhi hiyo kigari cha Mubarik kiliwaka kikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Akampigia mkewe.

"Fungua boneti," Hamdi alisema. "Weka simu karibu na injini, halafu wewe nyamaza."

Akanyamaza. Hamdi akasikiliza, huko kwake nyundo ikigonga mahali.

"Inamisi. Silinda moja haichomi, na kuna pumzi inatoka. Hiyo ni plagi imelegea. Zima, iache ipoe kabisa. Una spana ya plagi?"

Hakuwa nayo. Akabisha mlango wa jirani, Mzee Kewal, Singasinga mzaliwa wa Nakuru aliyekaa mtaa huo miaka arobaini na zaidi. Mzee akatoka na spana ndefu iliyofungwa kitambaa. Akaisikia sauti ya kike ikitoka kwenye simu.

"Nani huyo anakufundisha?"

"Ni mke wangu, mzee. Yeye ndiye fundi."

Kewal akaisogelea simu. "Hujambo, mama? Mimi mtu ya Nakuru."

"Sijambo, mzee! Nakuru upande gani?"

"Karibu na stesheni. Lakini siku hizi mimi naongea Kiswahili na nani? Tangu mke yangu, mama Narinder, alikufa, hakuna." Akacheka kidogo, akarudi mlangoni kwake. Hakuingia ndani. Alisimama pale kwenye baridi, mikono mfukoni, akiwasikiliza.

Injini ilipopoa, Mubarik alichomoa koili ya kwanza, kile kifuniko cha umeme juu ya plagi, kama alivyoelekezwa, akapuliza vumbi shimoni, akafungua plagi, akawasha kamera ya simu na kuionyesha.

"Rangi ya chai ya maziwa," Hamdi alisema. "Hiyo ni nzima. Ipige brashi, uirudishe kwa vidole kwanza. Ikikataa usiilazimishe, utaharibu nyuzi. Ikishakaa, spana, robo mzunguko hivi. Basi."

Ya pili nayo ilikuwa nzima. Mubarik alifanya kazi polepole kuliko ilivyohitajika. Siku nyingine walizungumza dakika kumi, mteja akaita, Hamdi akakata. Leo alikuwa naye saa nzima, akimwona akijifuta jasho kwa mgongo wa mkono, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, doa la grisi juu ya nyusi. Alitamani kulifuta doa lile. Kitu kidogo namna hiyo, na hakingewezekana.

Plagi ya tatu ilizunguka kwa vidole, bila spana. Ilikuwa nyeusi, na masizi yamepanda hadi juu.

"Ndiyo hiyo!" Hamdi alipaza sauti. "Isafishe ikufikishe kazini, lakini wiki ijayo ubadilishe zote nne. Kaza. Hapo hapo, usizidishe."

Mubarik akakaza. Kisha, akiwa bado ameinama, akauliza lile aliloliuliza kila wiki. "Ubalozi wamejibu?" Maombi ya viza ya Hamdi ya kumfuata yalikuwa yamekataliwa mara mbili, na haya yalikuwa ya tatu.

Hamdi alisogea mbali na nyundo iliyokuwa ikigonga.

"Mubarik, sijayatuma."

"Hujayatuma vipi? Tangu Januari?"

"Karatasi ziko kabatini. Kila nikizishika namfikiria Baba, ni nani atamgeuza kitandani. Halafu najifikiria mimi. Huko nitakuwa nani? Hapa nikisema plagi imelegea, watu wanafungua boneti. Niliogopa ukisikia utaniacha."

Mubarik aliiweka spana juu ya betri. Hasira ilimjia, miezi miwili ya kungoja barua ambayo haikuwepo njiani. Lakini alikuwa amemtazama asubuhi nzima. Kwa miaka mitatu alikuwa akimwota ndani ya chumba kile cha Stechford, amekaa ukingoni mwa kitanda, akimsubiri arudi kutoka kazini. Hakuwahi kumwota akifanya kitu chochote.

"Nakumisi, Hamdi," alisema. "Hilo tu ndilo ninalolijua."

"Hata mimi. Hujui ni kiasi gani."

"Basi usizitume. Nitakuja mimi tukae chini tuongee. Si kwa simu."

Alimaliza plagi ya nne, akarudisha koili zote, akawasha. Injini ikanguruma sawasawa, laini. Hamdi aliisikiliza kwa muda mrefu, naye Mubarik hakuizima mpaka mteja alipomwita Hamdi kule gerejini.

Mchana, ghalani, alimwendea msimamizi wake kabla hata hajavaa fulana ya kazi, akaomba miezi mitatu bila malipo. Akapewa wiki sita, kuanzia Juni, na onyo kwamba nafasi yake huenda isimngoje. Akasema sawa.

Wakati wa mapumziko alimtumia Hamdi ujumbe wa sauti: Juni, wiki sita, pengine na zaidi. Jibu lilikuja jioni, na nyuma yake lori likipiga honi.

"Nimemwambia Baba. Amecheka kwa mdomo wake wa upande mmoja. Anasema usije na suti kama siku ya harusi. Uje na nguo za kazi."