Rangi Nyuma ya Mawe

Rafu ya jiwe ilikuwa tayari juu ya meko ya sebuleni, lakini hakuna aliyethubutu kuiachia. Mume alishika ncha ya kulia, mkewe ya kushoto. Chini yao baba wa mke, fundi mwashi mstaafu, alikuwa amepiga magoti ndani ya tundu la moto, akiziba nyufa kwa mwiko. Jiwe lote lilikuwa juu ya kichwa chake.

Mzee huyo ndiye aliyemfundisha mkwewe kijana uashi, kisha akampa na binti yake. Waliheshimiana kupita kiasi. Wakikutana mlangoni, kila mmoja alimsubiri mwenzake apite, chai ikapoa.

Juzi kijana alimwona mzee akibandika mawe ya nguzo za meko ukutani, juu ya rangi ya mafuta ya zamani, bila kuichokoa kwa tindo. Saruji haishiki kwenye rangi ya mafuta. Mzee mwenyewe ndiye aliyemfunza hivyo. Labda macho yalikuwa yamechoka, labda alikuwa na hamu tu ya kumwona binti yake akiota moto. Kijana alifungua mdomo amwambie, akaishia kusema, "Kazi nzuri, baba."

Sasa vumbi lilimwagikia kiatu chake. Nguzo ya mawe upande wa kulia, iliyobeba rafu, ilikuwa imeachana na ukuta.

"Baba, ungepumzika kidogo."

"Nikipumzika nani atamaliza? Wewe unayepaka saruji kama unapaka mkate siagi?"

Binti akacheka. Kisha akauona uso wa mumewe. "Kuna nini?"

"Hakuna. Baba, samahani, pengine ukitoka utaona vizuri kama imenyooka."

"Pima maji imeshasema imenyooka. Unabishana na pima maji?"

Ufa ukapanuka, kidole kingeingia. Kijana akiiachia rafu amvute mzee, itashuka. Akiendelea kuishika, nguvu zitamwishia.

"Mume wangu, nachoka," mkewe akanong'ona.

"Mzee! Toka humo! Toka sasa hivi, usinibishie!"

Hakuna aliyewahi kumfokea mzee katika nyumba ile. Mwiko ukamponyoka. Akatambaa kinyumenyume akinung'unika, na mara tu miguu yake ilipokuwa nje, nguzo ikabanduka nzima.

"Ruka!"

Waliruka wote wawili. Rafu ilianguka pale pale alipokuwa amepiga magoti, ikakatika vipande viwili.

Vumbi lilipotulia, mzee aliokota jiwe moja, akaligeuza. Saruji ya mgongoni ilikuwa laini kama sahani, na ganda la rangi limeganda juu yake.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu juzi, baba."

"Ukaniambia kazi nzuri."

"Ningekuambiaje? Wewe ni mkwe wangu."

"Na huyu ni mwanangu!" Mzee alimnyooshea binti kidole. "Angekaa hapa anaota moto, na mawe yangu..." Binti alimshika bega, akamfuta vumbi kwenye nyusi kwa kanga yake.

Mzee akatafuta tindo na nyundo kwenye kifusi, akamkabidhi kijana.

"Chokoa ukuta wote. Mimi nitakusanya mawe. Na nikikosea tena, nifokee vile vile."

"Hata mbele ya watu?"

"Wewe nawe! Usianze kuzoea."